Jiwe Linalokunywa Maziwa

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema kwa sababu hapa Likoni hakuna atakayeamini. Jirani yangu Mwanamkasi hunisikia nikigombana na wauza samaki, akadhani hakuna ninachokiogopa chini ya jua. Lakini uoga wangu upo, una mwaka wake na una nyumba yake, na juzi ulinirudia mzima mzima nikiwa kibarazani nakuna nazi. Simu ililia, nambari ya nje. Sauti ya mwanamke ikaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba yeye ni Lucia, binti wa fundi Donato, kwamba baba yake amefariki na wamemzika kwao Lecce, na kwamba nambari yangu ameikuta katika simu ya marehemu, jina limeandikwa Aisha wa Maziwa. Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikainuka nikaenda kufunga mlango wa nje. Nilipokwisha kutia komeo ndipo nilipojiuliza nafunga nini, mchana kweupe, nyumbani kwangu mwenyewe, na miaka yote imepita.

Mwaka ule nilikuwa Doha, shaghala, yaani mfanyakazi wa ndani, katika nyumba ya ghorofa mbili iliyozungushiwa ukuta mrefu. Waliotoka huko hupenda kusimulia majumba ya vioo. Mimi nilichokijua ni jiko la nje, ambako samaki na vitunguu vilikaangwa ili harufu isiingie kwa wenyewe, na chumba cha kufulia, na chumba changu kilichobandikwa ubavuni mwake, chenye kitanda, sanduku na kidirisha kilichotazama uani. Mashine ya kufulia ikizunguka, kitanda nacho kilitetemeka. Ua ulikuwa katikati ya nyumba, wazi juu, na Mama Mkubwa, mamake Baba mwenye nyumba, alipenda kukaa pale asubuhi na buli lake la kahawa na tende zake. Mke wa Baba tulimwita Madam. Hakuwa mtu mbaya. Watu wakisikia habari za Ghuba hupenda mwajiri awe zimwi, lakini Madam alinipakulia chakula kile kile walichokula wao, machbusi, wali wao wa viungo, wenye paja zima la kuku, na jino liliponiuma alinipeleka kwa daktari mwenyewe. Na hilo ndilo lililonitisha zaidi baadaye. Mtu mkali unajua siku yake ya kukugeukia, na unajiandaa. Madam sikuwa nimejiandaa naye hata kidogo.

Lusail, mji mpya uliokuwa ukijengwa kando ya Doha, wakati huo ulikuwa bado mchanga na winchi. Baba alikuwa na shughuli zake huko, na ndiko alikokutana na Donato, fundi mawe kutoka Italia aliyeletwa kupamba hoteli. Akamwomba, kazi ya hoteli ikipoa, aje autie ua wake nakshi. Alikuja mzee mfupi mwenye nyusi zilizojaa vumbi, akafuatwa na masanduku ya mawe kutoka kwao. Sijapata kuona jiwe kama lile. Rangi yake ilikuwa ya samli iliyoganda, na alilikata kwa msumeno wa mbao, akalichonga majani na makomamanga kama mtu anayemenya kiazi. "Kwetu Lecce," ndivyo alivyoanza kila maneno yake, na tulizungumza kwa Kiarabu cha kuokoteza na Kiingereza cha kuokoteza, lakini tulielewana. Kwao Lecce, alisema, mji mzima umejengwa kwa jiwe hili, na kwa kuwa jiwe ni laini mafundi wa zamani hawakujizuia. Wakachonga makanisa mpaka hapakubaki mahali pa inzi kutua: maua, matunda, ndege, simba, nyuso za watoto wenye mabawa. Masikini waliokosa jiwe la thamani walitengeneza watakatifu wao kwa karatasi iliyolowekwa kwenye gundi, wakawapaka rangi, na hadi leo wanabebwa barabarani siku za sikukuu. Adhuhuri aliingia jikoni kwangu, akachemsha kahawa nyeusi, akaimimina juu ya barafu pamoja na maji matamu ya lozi aliyotoka nayo kwao. "Onja, Aisha." Jina langu ni Mwanaisha, lakini nyumba nzima ilinikata nusu. Nikaonja. Ilikuwa tamu, baridi, na mpaka leo nikila lozi namkumbuka.

Siku moja alinionyesha katika simu yake picha ya kanisa kubwa la kwao. Chini ya roshani palikuwa na safu ya watu wa mawe, wamekunja migongo, wamepiga magoti, roshani nzima imewakalia mabegani. Nikamuuliza hao ni akina nani. "Mateka," akasema. "Watu waliokamatwa katika vita vya baharini. Wengine Waislamu, kama wewe." Nikamuuliza wamebeba tangu lini. Akacheka, akasema tangu babu wa babu wa babu yake. Hakuona kwamba mimi sikucheka. Nilirudi kwenye masufuria yangu na mgongo unaniuma, na tangu siku hiyo nilipokuwa nikipanda ngazi na kapu la nguo za watu wengine niliwafikiria wale.

Sasa habari ya maziwa. Ukuta wa kwanza ulipokamilika, Donato aliniomba bakuli la maziwa mazima, yasiyotolewa mafuta. Nikadhani ana njaa. Akachukua brashi laini, akaichovya, akaanza kulipaka jiwe, polepole, huku midomo yake ikiimba kitu cha chini chini. Jiwe likayanywa. Sitii chumvi, niliona kwa macho yangu: maziwa yakazama, ukuta ukakauka, akapaka tena. Nywele zilinisimama. Mimi nimezaliwa pwani ya kusini, najua mahali ambapo watu hupeleka maziwa kwenye mawe. Kuna pango karibu na kwetu ambalo watu wenye shida zao huingia na maziwa, marashi na ubani, nasi tulikatazwa hata kulitazama tukipita. Nikamuuliza, "Mwalimu, unamlisha nani?" Akanieleza kwamba jiwe changa limejaa vitundu, na maziwa yakiingia huviziba, maji ya mvua na chumvi ya bahari visipate njia. Baba yake alifanya hivyo, na mafundi wa kabla ya baba yake. "Ni kama mtoto," akasema. "Lisiponyonyeshwa mapema, hata ukililetea ng'ombe mzima baadaye, bure." Nilimwamini. Lakini kuamini ni kitu kimoja na moyo kutulia ni kingine, na kila alipopaka mimi nilipita mbali.

Ijumaa, wenyewe wakiwa wamekwenda kwa jamaa zao, alikuwa akichonga vipande vilivyobaki kwa ajili ya kujifurahisha. Baba hakutaka nyuso katika nyumba ya Kiislamu, na Donato aliheshimu, ukutani hakuweka hata jicho. Ila mkono wake ulikuwa umezoea nyuso. Ijumaa moja aliniambia nikae nimenye vitunguu saumu pale pale na nisimwangalie. Alipomaliza akanipa jiwe linaloenea kiganjani. Nilikuwa mimi. Mtandio wangu ulivyokunjwa, shavu langu la kushoto lililovimba kidogo tangu lile jino, na mabawa mawili madogo chini ya kidevu kama ya wale watoto wa kwao. Sijawahi kupigwa picha nikapendeza. Pale nilipendeza. Nikalifunga kwa leso nikalificha chini ya godoro, na kabla ya kulala nilikuwa nikilitoa nikajitazama. Nilifurahi mno, siwezi kudanganya.

Kisha Donato akaugua moyo. Ilibidi arudi kwao kupasuliwa, na ukuta wa mwisho ulikuwa umesimamishwa lakini haujanyonya. Akaniita, akanikabidhi brashi yake. Baba alikuwa safarini, na Madam alikuwa ghorofani na wageni, naye Donato gari lilikuwa likimngoja mlangoni. "Kila alasiri ikiwa hakuna mvua," akasema. "Mpaka likatae kunywa. Nitampigia Baba nimweleze." Sijui kama alimpigia. Naamini alisahau, na mtu anayekwenda kupasuliwa moyo ana haki ya kusahau. Mimi nikabaki na brashi. Alasiri wenyewe wakiwa wamelala nilitoka uani na bakuli langu, nikaanza kupaka, na kwa kuwa niliogopa lile pango la kwetu kuliko kitu chochote, nikawa nasoma Ayatul Kursiy kwa kila mchovyo, midomo ikicheza bila sauti. Nilijikinga. Hivi sasa nikiwaza, nauona upumbavu wote wa jambo lile: mwanamke mweusi wa pwani ya Afrika, peke yake, watu wamelala, anapaka maziwa ukutani na kunong'ona. Ningejiona mimi mwenyewe dirishani ningepiga kelele.

Mama Mkubwa akaanza kuumwa. Kwanza kizunguzungu, kisha akakataa chakula, kisha akawa anawaita watu waliokufa zamani. Alisema uani kunanuka maziwa yaliyochacha, na hilo lilikuwa kweli, maana joto lilikuwa halijaisha na bakuli moja lilinimwagikia penye nyufa. Siku moja napiga pasi nikamsikia Madam akizungumza na dada yake kwa simu katika chumba cha pili. Kiarabu changu kilikuwa kimeshakomaa. Alisema, "Nimemwona kwa macho yangu. Anapaka na anasoma. Na mama anazidi." Akasikiliza. Kisha akasema neno ambalo sikuhitaji kufundishwa, kwa sababu kwetu pia ni lilo hilo: sihiri. Pasi ilikuwa juu ya kanzu ya Baba. Niliinua mkono nikakuta nimeacha alama ya rangi ya chai.

Nilimwendea Wafula, dereva, Mkenya mwenzangu wa kutoka Bungoma, aliyekuwa akila peke yake katika jiko la nje. Alikuwa amemwona Donato akipaka yale maziwa zaidi ya mara moja, na walikuwa wakitaniana juu yake. Nikamwambia amweleze Madam. Akaacha kutafuna.

"Mwanaisha, skiza. Hii story si poa kabisa. Unajua yule msichana wa hiyo nyumba ya gate ya blue? Walipata nywele za madam wake kwa kitambaa. Nywele tu. Polisi walikuja wakambeba, na hakuna mtu amewahi kumuona."

"Ndiyo nakuomba useme, Wafula. Wewe ulimwona mzee."

"Nikisema nilimuona, watauliza mbona sikusema mapema. Watasema tuko wawili." Akasukuma sahani. "Niko na watoto, dada yangu. Usitaje jina yangu. Tafadhali. Nitakuombea."

Sikumkasirikia, na simkasirikii leo. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na mimi ningekuwa na pa kukimbilia ningekuwa nimeshafika. Lakini pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa Baba, na wa kunitetea alikuwa amelala na kifua wazi katika mji nilioujua kwa picha. Ndipo nilipokumbuka kilichokuwa chini ya godoro. Kama nywele katika kitambaa zilimpeleka yule msichana asikorudi, basi kichwa cha mtu, chenye mabawa, kilichofungwa kwa leso chumbani mwa mtu anayelisha kuta maziwa, kitanipeleka wapi? Kukitupa sikuweza, pipa la taka lilikuwa mbele ya jicho la kamera. Kukizika uani ndiyo kabisa, wachawi ndivyo wafanyavyo.

Nilingoja mashine ya kufulia ianze kukamua, ile kelele yake kubwa, nikaingia katika bafu dogo la chumba changu na kisu cha kumenyea. Nikakaa sakafuni. Nimeshaeleza kwamba jiwe la Lecce ni laini. Nilianza na mabawa, nikijidanganya kwamba mabawa yatatosha. Yakatoka kama mkate mkavu. Kisha mtandio. Nilipofika puani nilifumba macho, na nilipofumbua nikaona nimebaki na jicho moja na shavu, lile shavu langu, nalo linanitazama. Niliomba radhi. Sijui nilimwomba nani, Donato au mimi. Nikamalizia. Unga wa njano ulinijaa mapajani, nikaufungulia maji ukateremka. Kilichobaki mkononi kilikuwa jiwe la duara lisilo na mbele wala nyuma. Nikaliweka karibu na sabuni, mahali ambapo kila mwanamke wa kwetu huweka jiwe la miguu. Wakati huo nikasikia Madam ananiita.

Sheikh alikuwa ameletwa kumsomea Mama Mkubwa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani. Alipomaliza kisomo alitoka uani, akagusa ukuta, akanusa kidole. "Wewe ndiye uliyeweka?" Nikasema ndiyo. "Ni nini?" Nikasema maziwa. "Kwa nini?" Nikamweleza, na nilivyokuwa nikieleza nilijisikia mwenyewe nikiwa mwongo: fundi Mzungu, mji wa mawe laini, jiwe linanyonya kama mtoto. Akauliza nilikuwa nikisoma nini. Nikamsomea Ayatul Kursiy, na kwa hofu nikaikosea katikati, aya niliyoihifadhi kabla meno ya utoto hayajaning'oka. Akamtazama Madam. Baba, ambaye alikuwa amerudi usiku uliopita, alipiga simu ya Donato mbele yetu sote. Iliita mpaka ikakatika, hakuna aliyepokea. Wakaniambia nisitoke chumbani, na Madam na dada yake wakaja kupekua.

Walitoa kila kitu. Walipapasa pindo za magauni yangu, wakafungua kopo la mafuta ya nazi wakalinusa, wakachana mto. Nywele zilizokuwa kwenye kitana changu walizitazama dirishani kwenye mwanga kujua kama ni zangu. Mimi nilisimama pembeni nimejishika mikono. Dada yake Madam akaingia bafuni akatoka na lile jiwe.

"Na hili?"

"La kusugulia miguu," nikasema.

Madam akalichukua, akaligeuza, akalijaribu kwenye kidole gumba chake. Lilikwaruza vizuri. Alama za kisu zilikuwa mbichi, na nilimwona akizitazama. Nilingoja. Kisha akalitupa kitandani, wakatoka wakafunga mlango kwa nje.

Nilikaa mle ndani mpaka siku ya pili. Sikuletewa machbusi, mtoto mmoja wa Madam aliniwekea mkate na maji mlangoni, akafunga tena akakimbia. Kupitia kidirisha niliuona ukuta wangu, na hata ndani ya hofu ile jicho langu lilikwenda kwenye sehemu ambayo haikuwa imenyonya. Alasiri nikasikia kicheko. Alikuwa Baba. Lucia, huyu huyu aliyenipigia juzi, alikuwa ameona katika simu ya baba yake, hospitalini, kwamba kuna aliyepiga na hakupokewa, akapiga, na Baba alipomuuliza habari ya maziwa binti wa watu alimweleza yote bila hata kujua kwamba kuna mtu amefungiwa. Baba akamsimulia sheikh kwa simu, akacheka tena. Daktari naye alikuwa amegundua kwamba dawa ya presha ya Mama Mkubwa ilikuwa kali kuliko mwili wake. Mlango ukafunguliwa. Madam alisimama kizingitini na gauni jipya mkononi na chupa ya udi wa kujifukiza, hakusema samahani, akasema, "Aisha, kamalize ukuta." Na alitoka na mimi, akanijazia bakuli mwenyewe, akakaa kiti cha Mama Mkubwa akinitazama. Nilipaka. Mkono ulikuwa ukigonga ukingo wa bakuli muda wote.

Donato alirudi amekonda, shingo inacheza ndani ya ukosi. Alikagua ukuta kwa kiganja, akasema umenyonya vizuri. Halafu akauliza uso uko wapi. Nilikwenda bafuni nikamletea. Aliligeuza kama alivyoligeuza Madam, akapitisha ukucha kwenye alama za kisu.

"Upepo gani umefanya hivi?"

"Wa hapa," nikasema.

Hakuuliza zaidi. Akachagua kipande kingine katika mabaki, akakipima machoni, akanielekeza kwa kidevu nikae. Nikamwambia hapana, Mwalimu, tafadhali. Akakirudisha. Tulikunywa kahawa ya barafu, na mwisho wa mkataba nikarudi nyumbani na sikwenda tena.

Juzi baada ya kufunga mlango nilizitazama picha alizonitumia Lucia. Kuna roshani ya lile kanisa la kwao ambayo marehemu aliichongea nyuso mpya miaka yake ya mwisho, na nakiri nilizikuza kwa vidole, uso mmoja baada ya mwingine, nikijitafuta. Simo. Ila upande wa kanisa unaopigwa na upepo wa bahari, zile nyuso za zamani ambazo hazikupata maziwa zimeliwa. Hazina pua, hazina midomo, mawe ya duara tu chini ya mabawa. Hakuna aliyezishusha. Mateka wangu nao wapo, bado wamebeba.

Nikaenda bafuni nikalichukua jiwe langu. Limenisugua miguu miaka yote hii na halijaisha. Nikalikosha, nikalikausha juani, nikatia maziwa kwenye bakuli. Nilikuwa nimeketi chumbani tayari kuanza, mlango umefungwa na pazia limeshushwa, nilipojiona. Nikainuka, nikatoa komeo, nikatoka na vyote kibarazani, nikachovya kitambaa. Mwanamkasi alikuwa akianika nguo ng'ambo ya ua.

"We Mwanaisha!" akapaza sauti, na wapita njia wakageuka. "Jiwe na maziwa? Umeanza uganga?"

Moyo ulinienda mbio vile vile kama siku ile, na mkono ukagonga ukingo wa bakuli. Nikaendelea kupaka.